Riziki Yetu: Habari za Siku Sita Katika Mji wa Kojani

Masomo: Mathayo 6:11 na Yohana 21:1–14



Katika sala aliyotufundisha Bwana wetu limo ombi moja ambalo watoto hulishika upesi kuliko yote, kwa kuwa tumbo la mtoto hulifahamu hata akili yake ikiwa bado changa. Ndilo ombi la nne, ombi la riziki. Dk. Martin Luther alipolieleza katika Katekisimo Ndogo, mwaka 1529, hakulifunga chunguni. Alianza na chakula na kinywaji, lakini akaendelea na mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo na mali, mke au mume mwema, serikali ya haki, hali ya hewa iliyo njema, amani na afya; na karibu na mwisho kabisa akawataja jirani walio waaminifu. Nafikiri sisi walimu, tukifika hapo, huwa tumekwisha kuchoka, na watoto nao huitazamia kengele. Basi wale jirani hupita mbio.

Mimi nalilifundisha ombi hili miaka kumi na tisa, wala sikujua kwamba nami nalipita mbio mahali hapo. Nataka kuwaeleza jinsi nilivyofundishwa upya, na walionifundisha ni watu wasio wa kanisa letu, wa mji ambao huku kwetu hutajwa kwa kicheko.

Kwetu ni kijiji cha wavuvi, pwani ya Tanga. Kila mwaka, kaskazi likianza kuvuma, huja vyombo kutoka Kojani. Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, katika Wilaya ya Wete. Mkondo mwembamba wa maji hukitenga na Pemba yenyewe. Wavuvi wake hawakai mahali pamoja. Huwafuata samaki kwa majira ya pepo, wakajenga vibanda vya makuti katika fuo za watu, wakakaa mwezi mmoja au miezi mitatu, kisha wakahama. Makao hayo huitwa dago. Wamekwenda dago Unguja, Tanga, Bagamoyo, Mafia, Kilwa hata Mtwara, na upande wa kaskazini Vanga, Shimoni na Malindi katika nchi ya Kenya. Wapemba wengine waliokaa huko Kenya waliishi miaka mingi bila kuhesabiwa kuwa raia, hata mwaka 2023 serikali ya nchi ile ilipowatambua.

Huku kwetu twawacheka Wakojani kwa usemi wao, na kwa sauti zao kubwa, kana kwamba mtu aliyezoea kusema na mwenziwe katikati ya upepo aweza kurudi nchi kavu akanong'ona. Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, na maelezo yake katika Katekisimo yatutaka tumtetee na kumnena vema. Lakini sijamwona mtu aliyekuja kuungama kwa sababu ya kicheko.

Basi mwaka mmoja, si zamani sana, lilikuwako dago la Wakojani kwetu, watu kumi na nahodha wao mzee akiwa mmoja wa hao kumi. Mimi, kama walimu wengi, siwezi kuishi kwa posho ya usharika peke yake, nami nalikuwa nikifanya biashara ndogo ya ng'onda, nikiwapeleka samaki hao wakavu Korogwe na Lushoto kuwauza. Yule nahodha alinikopesha samaki mara tatu, bila maandiko wala shahidi, kwa neno langu tu, kwa kuwa aliambiwa ya kwamba mimi ni mtu wa dini. Deni langu lilifika shilingi 180,000.

Mwezi ule samaki walipungua. Watu wa kijiji wakaanza kunung'unika, wakasema wageni wamemaliza bahari kwa nyavu zao. Sitaki kusema kwamba manung'uniko yote ya namna hiyo ni uongo. Ziko nyavu zinazokokota hata vitoto vya samaki, na yafaa zikatazwe, awe nani mwenye nazo. Walakini watu hawa walikuwa na ruhusa yao, ushuru walilipa, na nyavu zao hazikuwa tofauti na za kwetu. Mkutano wa kijiji ulipofanyika ilisemwa kwamba wasiteke tena maji katika kisima, na kwamba wapewe siku saba kuondoka. Mimi nalikuwapo. Watu wengi hunisikiliza katika mikutano, nami nalijua kweli ya mambo. Nikanyamaza.

Ndugu zangu, naweza kuwatajia sababu nyingi za kunyamaza kwangu, nami nalijitajia zote usiku ule. Iliyo ya kweli ni moja: nalihesabu kwamba wakienda upesi, shilingi 180,000 zitabaki kwangu. Sikuiba. Mkono wangu haukugusa kitu. Nalikaa tu juu ya benchi, na amri ya saba ikavunjwa nikiwa nimekaa.

Waliondoka siku ya sita. Nahodha alipita mlangoni kwangu kuniaga, wala hakulitaja deni. Alisema tu, "Mwalimu, tuombeane kheri."

Baada ya majuma machache nalikuwa na watoto wa kipaimara, nikifundisha ombi la nne. Nikauliza kwa nini Bwana ametufundisha kusema "yetu", wala si "yangu". Ni swali ambalo nimeliuliza kila mwaka, na jibu lake nalijua: kwa sababu twamwombea kila mtu. Msichana mmoja wa miaka kumi na mitatu akainua mkono, akasema, "Mwalimu, na Wakojani wamo?" Nikasema wamo. Akauliza tena, "Hata wakati ule walipokuwa hawana maji?" Nikamwambia akae kitako, kwa kuwa saa imekwisha. Saa haikuwa imekwisha.

Kusi lilipotulia kidogo, baada ya masika, nikazitia fedha zile katika bahasha, nikapanda meli Tanga kwenda Pemba.

Pemba ni kisiwa cha mikarafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka huko, na gari nililopanda kutoka bandarini lilipita vilima na mabonde ya kijani, kilima baada ya kilima, hata nikafikiri nimerudi Usambara. Lakini ukifika ukingo wa mashariki, mikarafuu huachwa nyuma. Mbele yako ni mkondo wa maji, na ng'ambo yake ni mji uliojazana hata waonekana kama umesukumwa ufuoni. Hiyo ndiyo Kojani. Nikavushwa katika chombo kidogo pamoja na mafungu ya kuni, mikungu ya ndizi, muhogo, mbuzi mmoja, na wanawake waliotoka sokoni. Kuni na muhogo huvushwa hivyo siku zote, kwa maana watu ni wengi na mahali pa kulima ni padogo. Shamba la Mkojani ni bahari.

Sikuwa na haja ya kuulizia nyumba ya nahodha mara mbili. Mtoto mmoja alinishika mkono akanipitisha katika vichochoro ambavyo watu wawili wenye ndoo wakikutana, mmoja sharti ajigeuze ubavu. Nyumba zimesogeleana hata kikohozi cha huku chasikiwa kule, na harufu ya samaki wa kukaangwa huingia kila chumba bila hodi. Mtu wa bara atasema, "Watu hawa wanaishije?" Nami nalisema hivyo moyoni siku ya kwanza. Siku ya tatu nalikuwa nimekwisha kuona kwamba katika mji huo si rahisi mtu augue peke yake, au alale na njaa bila ukuta wa pili kujua.

Nahodha alikuwa barazani akishona wavu. Akanitazama, akasema, "Mwalimu! Karibu, mwanangu," kama mtu aliyeningoja. Nikaitoa bahasha pale pale, maana nalitaka niitue aibu yangu upesi. Akaisukuma kwangu. "Fedha hizi si zangu," akasema. "Ni za watu kumi. Wengine wako hapa, wengine hawapo. Kaa, kwanza nitafute watu." Ndivyo nilivyokaa siku sita, kuanzia Alhamisi hata Jumanne, nami sikuwa nimechukua ila shati moja la kubadili.

Nitawaelezea kidogo maisha ya mji huo, kwa kuwa sisi tuhubirio habari za Petro na Andrea, wana wa Zebedayo na bahari ya Galilaya, mara nyingi hatujawahi kukaa na wavuvi hata juma moja, au, kama mimi, tumekaa nao miaka mingi bila kuwatazama.

Kabla ya alfajiri huadhiniwa, na mji huamka wote pamoja. Wanaorudi kutoka baharini hukutana na wanaokwenda msikitini. Ufuoni watu huwa wamekwisha kusimama: wachuuzi wenye ndoo, wanawake wenye masinia, na watoto walioleta mikono yao tu. Chombo kikigusa mchanga, wote hukishika kukipandisha, na kila aliyeshika hupata kitoweo chake kabla samaki hawajauzwa. Nikauliza ni nani anayekadiria. Wakanishangaa. Mzee aliyeshika kwa mkono mmoja, maana wa pili umepooza, alipata samaki sawasawa na wenzake.

Juma la watu wa Kojani halihesabiwi kwa kalenda iliyo ukutani peke yake. Wako wanaotazama bamvua na maji mafu, maana mwamba huo huo huwa na mlango wa samaki leo na kesho hauna. Wako wavuao dagaa kwa taa, nao hulitaka giza. Mwezi ukiwa mpevu hukaa nyumbani, wakashona nyavu, wakatia kalafati, wakasuluhisha magomvi waliyoyaacha viporo. Mimi nalifika mwezi ukikua, basi mji ulikuwa umejaa wanaume. Siku ya Ijumaa nikaona vyombo vimefungwa, na wavuvi wamevaa kanzu nyeupe, nami nikaona haya kidogo, nikiwakumbuka wakristo wa kwetu ambao Jumapili huona samaki kuliko wanavyoliona kanisa.

Wanawake hawakai. Maji yakitoka, huingia miambani kuchokoa pweza, kila mmoja na kijiti chake; maji yakijaa, hukaanga samaki wa kuuza, au huketi kivulini wakisuka ukili kwa vidole ambavyo havihitaji macho. Katika visiwa hivi wanawake wengi hulima mwani pia, tangu kilimo hicho kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, nao huusimulia kama watu wanavyousimulia mgomba uliougua, kwa kuwa miaka hii maji ya joto yameuharibu mara nyingi. Mume akiwa dago, mke ndiye mwenye mji. Ndiye anayejua ada ya shule, deni la dukani, na bati lililotoboka. Zamani habari za dago zililetwa na vyombo. Sasa huletwa na simu, na fedha pia hutumwa kwa simu. Lakini niliona jambo hili: simu ikilia usiku, nyumba ya jirani nayo huamka, wakangoja wajue imeleta nini.

Kwa maana bahari iwalishayo ndiyo iwachukuayo. Watu wa Pemba hawajausahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iitwayo Spice Islander I ilipozama karibu na Nungwi, ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaa kupita kiasi, na mamia ya watu wakafa. Hayo magazeti yaliyaandika. Lakini kifo cha mvuvi mmoja mmoja hakiandikwi na mtu. Kati ya wale watu kumi waliokuwa dago kwetu, mmoja alikuwa amekwisha kufa nilipofika Kojani. Alipotelea baharini upande wa kusini, miezi miwili baada ya sisi kuwafukuza. Nalimjua: ndiye aliyekuwa akinipimia ng'onda, akiongeza wawili juu ya kila gunia.

Ndugu walimu, hapo nilikaa kimya muda mrefu, na nahodha akaniacha nikae.

Nalifikiri habari za Kapernaumu. Wataalamu waliouchimba mji huo wameziona nyumba za watu wa wakati wa Bwana wetu: za mawe meusi, ndogo, zimezunguka nyua za shirika, jirani juu ya jirani. Ndiyo maana mlango wa nyumba moja ulipozibwa na watu, wale wanne wenye mgonjwa wao walijua njia ya darini. Na mwaka 1986 maji ya bahari ya Galilaya yalipopungua kwa ukame, kilionekana matopeni chombo cha miaka ipatayo elfu mbili, urefu wake kadiri ya meta 8, nacho kimetiwa viraka vya mbao za miti mingi mbalimbali, labda kwa kuwa mwenyewe hakuwa na fedha za ubao mpya. Nimeona picha yake. Nikamweleza fundi mmoja wa vyombo wa Kojani, naye akacheka, akasema, "Huyo alikuwa mwenzetu." Bwana wa utukufu alilala usingizi katika chombo kama hicho. Aliketi katika mji kama huo, wenye harufu kama hiyo, na watu wenye sauti kubwa kama hao ndio aliowaita kwanza. Nikaona wazi kwamba kama angalipita pwani ya Tanga kutafuta mitume, huenda sisi tungaliwanyima maji.

Siku ya Jumapili nalikuwa peke yangu Mkristo. Nikaomba nafasi barazani nisome Biblia yangu. Nahodha akawakataza vijana wasipige kelele, akaketi mbali kidogo na wavu wake. Nalipokwisha akaniuliza nimesoma nini. Nikamwambia: ni habari za wavuvi saba waliokesha baharini bila kupata kitu, na asubuhi Yesu akasimama ufuoni, wasimjue, akawaambia watupe wavu upande wa kuume. Yeye na watu wa dini yake humheshimu Isa mwana wa Mariamu, wala hamsadiki kama sisi tunavyomsadiki. Lakini habari za uvuvi zilimwingia. Akauliza walitumia wavu gani, na ulikuwa umbali gani na nchi kavu. Nikamwambia kadiri ya dhiraa mia mbili, na ya kwamba samaki walikuwa 153.

Hapo nikataka kumwonyesha elimu yangu kidogo. Nikamweleza kwamba wataalamu wamesumbuka sana na hesabu hiyo. Yeronimo alidhani ni jamii zote za samaki zilizojulikana. Agostino alionyesha kwamba ukijumlisha kuanzia 1 hata 17, moja na mbili na tatu na kuendelea, jumla yake ni 153, akaona siri kubwa ndani yake.

Nahodha akainua macho katika wavu. "Mwanangu," akasema, "watu saba wamekesha usiku kucha, wana njaa, samaki wamefika. Wanawahesabu kwa nini? Wanataka kuwagawa."

Nimesoma vitabu kadha wa kadha juu ya Injili ya Yohana, vingine kwa taabu. Sikulikuta neno hilo mahali po pote. Wala sisemi kwamba Agostino amekosa, mimi ni nani? Lakini tazameni jinsi habari yenyewe inavyokwenda. Kuna moto wa makaa ufuoni, samaki wamekwisha kuwekwa juu yake, na mkate. Bwana hahitaji kitu. Hata hivyo anawaambia walete na hao waliowavua wao sasa hivi. Petro aliyemkana mara tatu ndiye akokotaye wavu. Na katika asubuhi ile, mbele ya Yeye aliyefufuka, mtu fulani akainama mchangani akahesabu samaki mmoja mmoja, asipunjwe Thomaso, asipunjwe Nathanaeli, wala wale wawili ambao majina yao hayakuandikwa. Mimi nalikuwa nimehesabu pia, katika benchi la mkutano wa kijiji. Nalihesabu ili visigawanywe.

Mfalme Daudi naye aliijua sheria hiyo, ukisoma 1 Samweli 30, pale watu mia mbili walipochoka, wakabaki kulinda vyombo. Wenzao hawakutaka kuwapa kitu katika nyara. Daudi akaamua kwamba aendaye vitani na akaaye penye vyombo fungu lao ni moja. Huko Kojani hakuna aliyenitajia Daudi. Walifanya tu.

Jumatatu jioni, baada ya sala ya magharibi, mkeka ulitandikwa barazani. Walikuja watano kati ya wale kumi, pamoja na nahodha mwenyewe wakawa sita. Watatu walikuwa dago Mtwara na Kilwa. Kwa hao walikuja mama wawili na mke mmoja, wakasimama mlangoni wa ndani. Wa kumi ni kijana aliyehamia Unguja, naye aliulizwa kwa simu. Yule aliyefariki alikuwa mmoja wa kumi hawa, na kwa ajili yake alikuja mjomba wa watoto wake. Ndiye wa tano niliyemhesabu, maana waliketi naye kama angeketi marehemu mwenyewe.

Nikazitoa fedha. Nikawaambia kwanza neno nililokuwa nimelichukua siku zote hizo: ya kwamba sikuchelewa kwa kukosa, ila nalikusudia kuzila, na ya kwamba siku ya mkutano nalikuwapo, nikajua, nikanyamaza. Nalifikiri watakasirika, na nusu ya moyo wangu ilitaka hivyo. Mmoja wao, mtu wa makamo, akasema, "Tulijua, Mwalimu. Tulikuona umekaa." Hakuongeza neno. Afadhali angalinitukana.

Kisha nahodha akazigawa. Yalikuwa mafungu kumi na manane, kila fungu shilingi 10,000. Matatu ya chombo, na matatu ya nyavu. Mwenye chombo na nyavu ni bibi kizee mmoja wa mji ule aliyerithi kwa mumewe, na mjukuu wake alikuja kuyapokea. Kumi ya watu kumi. Moja la juu ni la unahodha. Kila fungu lilipowekwa mkekani lilitajwa jina la mtu, kwa sauti, wote wakiitikia, na lile la marehemu lilitajwa kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mjomba. Mjomba akalipokea kwa mikono miwili.

Likabaki fungu moja. Mimi nikadhani wamekosea hesabu, au labda ndilo la msikiti. Nikauliza ni la nani.

"Hilo la maji," akasema nahodha. "Siku zile sita kisima kilipofungwa, palikuwa na bibi mmoja kijijini kwenu, akija usiku na ndoo, na mtoto wa kike akimshika taa. Tulimkataza tukamwambia atagombana na watu. Akasema yeye ni mzee, watu watagombana naye mara ngapi? Tuliwekeana nadhiri kule kule kwamba fedha za ng'onda zikija, naye awe na fungu. Jina lake hatukulijua. Wewe utalijua."

Naam, nalilijua. Ni mshirika wetu, mjane, huketi benchi la nyuma kwa sababu ya miguu yake, na yule mtoto wa taa ni mjukuu wake, msichana wangu wa kipaimara.

Jumanne asubuhi walinivusha bila nauli, wakanifungia pweza wawili wakavu katika karatasi. Ile noti ya shilingi 10,000 nalikuwa nimeitia ndani ya Biblia, isichanganyike na zangu. Nikamfikishia bibi Jumamosi, jua likitua, akichambua mchele uani. Nikamweleza imetoka wapi na kwa ajili ya nini. Akaniuliza kama wote walifika salama. Nikamwambia habari za yule mmoja. Akaliweka ungo chini, akanyamaza, kisha akaifunga ile noti katika ncha ya kanga yake, akamwambia mjukuu wake amletee Mwalimu kiti.